Ufunguo wa Choo, Pasua

Mafua yaliingia Juni, mlima umejifunika wiki nzima
na sisi wapangaji sita tunakohoa kwa zamu
kama majogoo wa nyumba mbalimbali.
Homa ikanilaza siku nne. Ya tano nikaoga,
nikajipaka mafuta, nikafungua banda langu la mtori.
"Umepona?" "Nimepona."
Sikujua kwamba mgeni aliyeaga barazani
alikuwa amezunguka nyuma, kaingilia jikoni.

Kijiko cha kwanza cha kuonja chumvi
(ndizi mshare, mbavu, siagi kidogo,
mkono wa mama, na wa bibi wa Kibosho kabla yake)
kikateremka, kikasimama, kikauliza njia,
kisha kikakimbia.

Ndipo nikaujua ule ufunguo.
Unaning'inia kwa Ndeshi, chumba namba mbili,
umefungwa kwenye kipande cha ubao usipotee,
na ubao umeandikwa kwa mkaa: RUDISHA.
Saa nane usiku nagonga. Saa tisa na robo nagonga.
"Hodi, Ndeshi."
"Ufunguo?"
"Ufunguo."
Siku kumi na moja, urafiki wetu ukawa neno moja.

Kila mtu akanigawia ugonjwa wake.
Mwenye nyumba: amiba.
Muuza mkaa: taifodi, mji huu hakuna tumbo lisilo na taifodi.
Wifi Aikande akashusha sauti:
kuna mtu anawataka wateja wako.
Nikanywa mwarobaini, nikanywa magadi,
tumbo likanguruma kama trekta la miwa,
nami nikiwa shamba.

Zahanati, tabibu kijana, Elirehema,
akapima choo, akapima damu, akanisomea karatasi:
hakuna, hakuna, hakuna.
"Mama Anaeli, virusi vya mafua havikai puani tu.
Vingine unavimeza na makohozi, vinashuka,
vinakwaruza utumbo. Vyenyewe vimeshaondoka.
Kilichobaki ni nyumba iliyohamwa bila kufagiwa.
Acha maziwa kwa sasa. Acha siagi.
Kunywa maji ya chumvi na sukari. Subiri."
Subiri!
Elfu kumi na nane nimelipa, nimeuziwa neno subiri.

Niseme kweli: kuharisha hakukunitia haya.
Haya nilizionea wateja.
Nani atakula mtori wa mpishi asiyeweza kuula?
Nikawa naonja kwa ulimi wa Anaeli, miaka tisa.
"Chumvi?" "Bado."
"Sasa?" "Sasa, mama, usizidishe."
Mimi gauni linanipwaya,
yeye vifungo vya shati la shule vinamgombania.

Usiku wa kumi na mbili nilishika kitasa, nikakanyaga kitu.
Ubao. Ndeshi alikuwa ameupitisha chini ya mlango wangu
kabla hajalala, na ufunguo wake.
Hakuniambia lolote asubuhi, sikumwambia lolote.
Nikaulaza chini ya mto
mahali pa fedha za kikoba.

Kupona hakukupiga hodi.
Kulikuja na ndizi moja mbivu, nusu asubuhi, nusu jioni,
ikakaa.
Kesho yake uji wa ulezi. Ukakaa.
Keshokutwa nikajidai, nikala parachichi,
nikarudi kwenye ubao wangu mbio.
Wiki ya tano nililala usiku kucha;
nikashtuka kumepambazuka, nikajipapasa,
nikadhani nimekufa kidogo.

Mpaka leo mimi na maziwa tunasalimiana kwa mbali.
Mtori naupika. Anaeli anaonja wa kwanza,
mimi wa pili, nasimama na kijiko mdomoni,
nasikiliza chini
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha jirani,
ameshika pumzi, anaomba wapatane.

Ufunguo nilirudisha Jumamosi, ubao nimeusugua,
maandishi nimeyakoleza upya.
Ndeshi akaupokea, akautundika msumarini,
akanitazama kama anayetaka kusema kitu,
akageuka,
akakohoa.